Jumapili za Raga Pale Kisesa

Mwezi uliopita nilirudi Kisesa kwa ajili ya arobaini ya bibi. Nilishuka pale barabarani na mkoba wangu begani, nikasimama nikitafuta njia kama mgeni. Zamani, ukivuka lami na kuipita mashine ya kukoboa, ulikuwa unatokea moja kwa moja uwanjani. Safari hii nilitokea kwenye fremu za maduka: ya simu, ya vipodozi, ya mabati na misumari, na nyuma yake ukuta wa matofali. Nikamuuliza fundi mmoja aliyekuwa anachomelea geti njia ya kupita. Akanionyesha kwa kidevu, akarudisha miwani yake machoni, akaendelea. Nikapita katikati ya kuta mbili, nikijua kabisa kwamba natembea juu ya uwanja ambao kaka yangu alivunjikia mtulinga.

Acha nikusimulie wewe, maana siku ile ya arobaini palikuwa na watu wengi na sikupata hata mmoja wa kumsimulia.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alifariki tukikaa Nyamagana, katikati ya mji, na baba alikuwa dereva wa malori ambaye safari zake zilizidi kurefuka mpaka tukasikia ana familia nyingine huko Tabora. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyekuja kutuchukua. Nilikuwa na miaka kumi, kaka ana kumi na minane. Kaka alikuwa amemaliza shule, hajapata kazi, basi akawa mkono wa kulia wa bibi kwenye majaruba ya mpunga aliyokuwa nayo upande wa kuelekea Magu.

Asubuhi za kwa bibi nazikumbuka kwa harufu. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa inachemka tangu alfajiri, kisha bibi anaiponda na karanga mpaka inalainika, tunakula na chai ya rangi yenye tangawizi. Dagaa wakikaangwa kwa jirani, tulijua. Ng'ombe wa jirani huyohuyo walipita mbele ya nyumba yetu wakienda malishoni, na vumbi lao lilikuwa linatua taratibu kwenye vyombo nilivyokwisha kuviosha, nikalazimika kuviosha tena. Mpunga ulipoanza kubeba, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Unakaa peke yako pembeni ya jaruba na kopo na fimbo, unapiga kopo, kwelea wanaruka kama moshi, wanatua mbele kidogo, unapiga tena. Siku nzima sauti yako mwenyewe na ya kopo.

Wala si majaruba tu. Shuleni nako nilikuwa peke yangu. Wenzangu darasani waliongea Kiswahili na mwalimu, lakini kengele ya mapumziko ikigongwa walihamia Kisukuma, na mimi mtoto wa mjini nilikuwa sijui hata kuomba zamu ya kuruka kamba. Nilipojaribu walicheka. Nikaacha kujaribu. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa kaka. Jioni akirudi shambani, kabla hata hajanawa, alikaa na mimi kibarazani akaniuliza, "Leo umeongea na nani?" Nikimjibu, "Na wewe," alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Ndipo akaja yule mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, kijana mrefu asiye na ndugu hata mmoja upande huu wa ziwa. Alipanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Jioni moja alitokea uwanjani na mpira mfano wa papai, akautupa kwa vijana waliokuwa wanasubiri timu yao ya soka itimie. Ule mpira ulidunda, ukaenda kulia wakati kila mtu ameinama kushoto. Vijana wakacheka mpaka wakakaa chini. Kaka hakucheka. Aliufuata, akaukumbatia, akamrudishia mwalimu mkononi. Ilianza hivyo tu.

Mwalimu alisema mchezo unaitwa raga, na kwamba raga ziko mbili, hii yake ni ile ya wachezaji kumi na watatu. Sheria zake nilizishika mapema kuliko wachezaji wenyewe, maana nilikuwa sina kazi nyingine zaidi ya kukaa juu ya jiwe na kusikiliza. Unakimbia na mpira mikononi. Ukitaka kumpa mwenzako, unampa aliye nyuma yako, kamwe si aliye mbele. Wapinzani wanakukaba mpaka chini. Ukianguka unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, mwenzako anaendelea. Mkiangushwa mara sita, mnawapa wao. Ukifika mwisho wa uwanja ukaugandamiza mpira chini, hiyo ni trai, nayo ndiyo shangwe yenyewe.

Lakini shangwe ya nani? Walipata vijana kumi na sita, wengi wao wapakuaji wa pamba na wachoma matofali, na kila Jumapili jioni walifanya mazoezi mbele ya mtazamaji mmoja, yaani mimi. Kaka akifunga trai aliinua mkono kunipungia. Nakwambia kweli, sijapata kuwa na furaha kama ile. Uwanja mzima, na mkono ule umeinuliwa kwa ajili yangu.

Mwalimu hakuridhika. Timu bila watu wake, alisema, ni mazoezi ya viungo tu. Akakodi bajaji yenye spika, ikazunguka Kisesa nzima ikitangaza mchezo mkubwa, timu yetu dhidi ya wanafunzi wa chuo kutoka mjini. Watu wakaja kweli, wakidhani ni soka. Mchezaji wa kwanza alipoushika mpira, uwanja wote ukapiga kelele, "Handi! Handi, refa!" Wakacheka. Kisha wakachoka kucheka. Mapumziko yalipofika walikuwa wameshaondoka kwenda kibanda umiza kuangalia ligi kwenye televisheni, na jirani yetu mfugaji akawa wa mwisho kuondoka, akisema kwa sauti ili mwalimu asikie, "Watu wazima wanagombania papai!"

Jumatatu yake mtendaji wa kata akamwita mwalimu. Watu wa soka wanaudai uwanja wao wa Jumapili, alimwambia. Angempa muda mpaka baada ya mavuno. Kama baada ya mavuno watu bado hawaji, raga itafute porini pa kuchezea.

Juma lililofuata kaka alivunjika. Ardhi ilikuwa imekauka, ngumu kama sakafu. Aliangushwa vibaya, wenzake wawili juu yake, nami nikiwa juu ya jiwe langu nikasikia mlio, kama mtu amekanyaga kijiti. Walimpakia kwenye bodaboda, mmoja amemshikilia kwa nyuma, wakampeleka hospitali mjini. Alirudi amefungwa mkono kifuani, uso umemsawijika. Na mpunga ulikuwa umeiva. Kwelea walikuwa wameshaanza kutushinda.

Mwalimu alikuja nyumbani kesho yake. Bibi alikuwa anapepeta mchele uani, ungo haukusimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akaeleza. Akaomba radhi. Akasema timu inamhitaji sana kaka, kwamba akipona asimkataze, na kwamba anaumia kuona watu wa Kisesa hawaitaki timu yao. Bibi akaendelea kupepeta mpaka pumba zikaisha, ndipo akauweka ungo chini.

"Mwalimu, umekaa hapa muda gani?"

"Mwaka sasa, bibi."

"Mwaka mzima unatuita tuje kwako. Umetuma na bajaji ituite. Wewe kwetu umekuja lini?"

Bibi akafuta mikono kwenye khanga.

"Mwezi wa jana alifariki mama yake huyu jirani. Alizikwa palepale nyuma ya uwanja wako. Mlikuwa mnakimbizana, mkasimama mkatazama jeneza likipita, mkaendelea. Sasa unashangaa hawaji?"

"Sikujua desturi, bibi," alisema mwalimu, sauti imeshuka. "Niliogopa kuingia msibani kwa watu wasionijua."

"Sasa wangekujulia wapi?"

Hakumfukuza. Alimpa kiti, akaniambia nimpe michembe. Alikula yote akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nilimwona, nikamtambua. Nilikuwa nimekula hivyo mara nyingi.

Siku ya tatu, tulipofika shambani na bibi, jua likiwa bado halijapanda, tuliwakuta. Wote kumi na watano, na mwalimu juu yao, kila mmoja na mundu. "Mwangaluka, mayu!" walimsalimia bibi kwa Kisukuma, kwa pamoja, na bibi ambaye si Msukuma aliitikia huku akijifunika mdomo kwa mtandio. Sikujua kama anacheka au la. Wakajipanga kwa mstari, bega kwa bega, kama wanavyojipanga uwanjani, wakaingia jarubani. Mmoja wa wapakuaji wa pamba akaanzisha wimbo, ule wa vikundi vya kulima wa watu wa huku, wengine wakaupokea, na miundu ikaanza kushuka kwa pamoja. Mpunga ulilala nyuma yao kama mkeka unaotandikwa.

Mwalimu hakujua kabisa kushika mundu. Kabla ya saa nne alikuwa amejikata kidole, na bibi akachana upindo wa khanga yake kuukuu akamfunga, akimgombeza kama anavyomgombeza kaka. Wanawake wa majaruba ya jirani waliacha kazi wakaja kutazama. "Mwalimu anavuna vidole!" alisema mmoja wao, na kicheko kikaenda jaruba hadi jaruba. Nadhani kile kicheko kilifanya kazi kuliko spika ya bajaji.

Jirani mfugaji alipita na ng'ombe wake, akasimama. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. "Wimbo huu alikuwa anauimba baba yangu," alisema, hata sijui alikuwa anamwambia nani. Kesho yake alileta mkokoteni wa ng'ombe kutubebea mpunga nyumbani, bila kuombwa. Njiani mwalimu alitembea kando yake, akampa pole ya msiba, akiwa amechelewa mwezi mzima. Mzee aliitikia, "Tumeshapoa, mwanangu." Nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nilisikia.

Jioni ile bibi akaniita. "Vijana wametuvunia. Sasa na sisi tuwavunie watu. Wewe ndiye unayeujua mchezo wao. Nenda kawaambie."

Mimi! Mimi niliyekuwa sisemi na mtu. Nilimtazama kaka, naye akanitazama, mkono kifuani. "Nenda," alisema. "Mimi siwezi kucheza, angalau wewe nisaidie kwa mdomo."

Nikaenda. Nilianza bombani, kwenye foleni ya maji, kwa sababu pale huwezi kukimbia, ndoo yako iko kwenye mstari. Nilieleza kwa Kiswahili changu cha mjini, na nilipokwama wanawake walinipa neno la Kisukuma, nikalirudia, wakacheka, nikacheka nao. Nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa, kwa mama lishe wa barabarani, madrasa, na uani kwa watu niliokuwa nawapita kila siku bila kuwasalimia. Nilichora uwanja chini kwa kijiti. Swali lilikuwa moja kila nilipokwenda: kwa nini wanarudisha mpira nyuma kama wanataka kwenda mbele? Nami nilijibu, "Mpira unarudi, mtu anaenda." Jirani mfugaji ndiye aliyewamalizia wenzake kazi. Siku moja alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga paja. "Kumbe ni kumvusha ndama katikati ya fisi! Anayechoka anamwachia aliye nyuma yake. Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo?" Tangu siku ile hakuna mchunga ng'ombe aliyeniuliza tena sheria za raga.

Na mwalimu naye alikuwa amebadilika. Kukiwa na msiba, timu inachimba kaburi. Kukiwa na harusi, timu inabeba maji na kusimamisha maturubai. Kina mama wakaanza kusema "vijana wetu".

Mpunga ulikwisha kukauka, ukaingia ghalani, mtulinga wa kaka ukaunga, na hospitali wakamruhusu. Ikaja Jumapili ya mchezo, dhidi ya timu ya Nyamagana. Mtendaji mwenyewe alikuja, akaletewa kiti. Nilichelewa kidogo kwa sababu nilikuwa nambebea bibi mkeka, na tulipofika sikuamini. Watu walikuwa wamezunguka uwanja wote, safu nne, safu tano. Wenye ngoma walikuwepo. Mama lishe walikuwa wameleta majiko yao. Jiwe langu lilikuwa limejaa watoto wa darasani kwetu, walewale, na hakukuwa na pa kuweka hata unyayo.

Nilimketisha bibi mbele na wazee wenzake. Mimi nikazunguka nyuma ya watu nikitafuta mwanya. Niliona migongo. Niliona mpira ukipaa mara moja moja juu ya vichwa, ukishuka. Kaka nilimsikia tu. Watu hawakuwa wanajua jina lake vizuri, walimjua kama mjukuu wa bibi, basi wakawa wanapiga kelele, "Mjukuu! Mjukuu!" na ngoma zikafuata. Nilijua kwa kelele kwamba ameupata mpira. Nilijua kwa ukimya kwamba ameangushwa, nikashika bega langu mwenyewe. Kisha kelele ikapanda, ikapanda, ikapasuka, na mama mmoja aliyesimama mbele yangu akamgeukia mwenzake, akamwelezea trai ni nini, kwa maneno yangu mimi, neno kwa neno.

Tulifungwa kwa tofauti ndogo, lakini ungedhani tumeshinda. Watu waliingia uwanjani wakawabeba vijana. Nilijaribu kumfikia kaka, nikasukumwa huku na huku, nikaona kichwa chake juu ya mabega ya watu kikielekea barabarani na ngoma nyuma yake. Nikamchukua bibi, tukarudi nyumbani, tukawasha jiko.

Kaka alirudi magharibi, sauti imemkauka, anang'aa. Alikaa kibarazani mahali petu. Akaniuliza, "Ulikuwepo?"

Nikamwambia, "Nilikuwepo."

Mtendaji aliwapa uwanja. Jumapili zilizofuata watu walizidi, mpaka wa Magu wakaja. Na katika watu hao, siku moja, walikuwepo wageni wawili kutoka Dar es Salaam waliotaka vijana wenye nguvu kwa timu yao, na kazi ya ulinzi juu yake. Walimtaka kaka. Alituambia wakati bibi anachambua mboga. Bibi aliuliza jambo moja tu, "Utarudi lini?" Kaka akasema, "Kila mavuno, bibi." Nilimsindikiza barabarani asubuhi. Kulikuwa na watu wengi wa kumuaga, wachezaji, kina mama, jirani na fimbo yake, na kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia. Zamu yangu ilipofika, gari lilikuwa limeshawashwa. Nilimshika mkono dirishani. Gari likaondoka.

Mavuno ya kwanza alikuja. Ya pili alituma khanga mbili, yangu na ya bibi, zinazofanana. Ya tatu alipiga simu. Mwalimu alipata uhamisho kwenda kusini, na siku anaondoka alilia wazi mbele za watu. Wakati huo alikuwa na ndugu Kisesa nzima. Timu iliendelea kidogo bila yeye. Wachezaji wakaoa, wakahamia migodini, mmoja akawa na maumivu ya goti, mwingine akaingia siasa. Uwanja ukapimwa viwanja. Mimi nilipata marafiki wengi baada ya siku zile, sikatai, na Kisukuma naongea mpaka leo. Lakini jioni kibarazani nilikaa na bibi, na bibi hakuwa mtu wa maswali.

Kaka hakufika kwenye arobaini. Alipiga simu mchana, watu wakiwa wanakula pilau, akasema wamemnyima ruhusa kazini. Ana mke na watoto wake sasa, na bega, anasema, humuuma kipindi cha mvua. Akaniuliza kama uwanja bado upo. Nikamwambia ukweli. Nikasikia magari ya Dar nyuma yake.

"Watu walikuwa wanakuja wengi sana, eti?" alisema mwishowe.

"Wengi sana, kaka."

"Sijui walitokea wapi."

Sikumwambia. Baada ya wageni kuondoka nilikunja mikeka, nikasugua sufuria, nikakaa. Watu huuliza kwa nini mambo mazuri hufa, na huwa wanatafuta wa kumlaumu: mpima viwanja, televisheni, Dar es Salaam. Mimi nimezunguka kote huko, mwishowe hurudi kwangu mwenyewe. Nilikuwa na kaka mmoja, na uwanja mtupu, na Jumapili. Kisha nikachukua kijiti nikaenda nyumba kwa nyumba, mimi niliyekuwa naogopa watu, nikawasihi waje wamtazame. Nilieleza vizuri mno. Walikuja wote, wakampenda, wakaenda naye.

Na ningeombwa leo, ningeenda tena.